Karamu Amepewa Sela

Jumanne, 2 Desemba

Unga wa ngano umepanda tena. Sikupandisha bei ya chapati, nimezipunguza upana tu. Mzee wa duka la mbegu amegundua papo hapo. Akainua moja juu mbele ya wateja wote akaniuliza kama hiyo ni ya mtoto. Nikacheka na wengine. Moyoni sikucheka.

Maharagwe ya kesho yako ndani ya maji. Hoteli nimefunga saa kumi. Mji wetu wa Kitale umejaa malori ya mahindi na wapakiaji wanakula kweli kweli, kwa hivyo silalamiki sana.

Wafula amesema tuketi tupange Krismasi. Tumeketi. Viatu vya binti yetu Nafula. Blanketi la Mama mkwe. Nauli ya kwenda Bungoma na kurudi. Karo ya Januari, ambayo haiguswi hata tukilala njaa. Mume wangu akipanga pesa hukuna kichwa mpaka unaogopa atajitoa damu.

Kuku hatukuwazungumzia. Hao hawahitaji mjadala. Jiko la Mama mkwe kule Kanduyi, siku ya Krismasi, ni langu. Miaka kumi na tano sasa. Mimi msichana wa Saboti, Msabaot, nilifika pale sijui hata kusalimia kwa Kibukusu. Walinitazama kama mzigo ulioshushwa nyumba isiyo yake. Nikapika. Wakala wakanyamaza, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi.

Majogoo wanane wako bandani. Nawalisha tangu Juni. Yule mwekundu Nafula anamwita Bosi. Nimemwambia mtoto asimpe jina kitu atakachokila. Hasikii.


Alhamisi, 4 Desemba

Siandiki vizuri.

Mama ametuma sauti kwenye grupu ya familia. Nimeisikiliza jikoni, nikaisikiliza tena nje, nikaenda nyuma ya choo nikaisikiliza tena. Haibadiliki. Anasema hivi:

"Habali zenu. Mwaka jana mulipigana juu ya sukari mpaka majirani wakasikia. Niliona aibu. Mwaka huu sitaki kerere. Karamu nimempa Sera. Yeye ni mutu wa ofisi, anajua. Mutu asimusumbue."

Basi.

Karamu amepewa Sela.

Sela ni mke wa Wanyonyi, mdogo wake Wafula. Ameolewa juzi, hata miaka sita haijaisha. Ana kazi kwenye ofisi moja pale Bungoma mjini, kucha zake ni ndefu na zimepakwa rangi. Ni mtu wa Tongaren, Mbukusu kamili, kwa hivyo yeye na Mama wanaongea lugha yao wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nikiingia wanahamia Kiswahili. Wanafikiri ni adabu. Kwangu ni mlango unafungwa.

Mtu wa ofisi, anajua. Tangu lini ofisi ikapika?

Namwonea wivu. Nimeandika. Hakuna atakayeona. Namwonea wivu Sela, na leo zaidi.


Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia Wafula. Simu yake ya maana ilikanyagwa na trekta mwezi wa nane, sasa anatumia ile ndogo ya tochi, kwa hivyo mambo ya grupu huyapata kwangu. Nikamwambia tu, Mama amempa Sela karamu.

Akasema, "Haa. Si basi upumzike mwaka huu?"

Upumzike! Miaka kumi na tano macho yangu yanalia moshi kwa ajili ya ndugu zake, halafu napewa mapumziko na yeye anaona ni zawadi. Akauliza kama anaweza kusikia hiyo sauti ya Mama. Nimesema simu haina chaji. Ilikuwa na chaji. Sikutaka nisikie tena mbele yake.


Jumamosi, 6 Desemba

Sela ameandika kwenye grupu. "Asante Mama kwa kuniamini. Kila mtu aniambie mapema analeta nini ndio nipange vizuri. Sitawaangusha." Na maua matatu.

Wanyonyi akajibu kwa dole gumba. Kila mtu dole gumba.

Nimejitoa.

Nimeona maneno yametokea kwamba nimejitoa nikaogopa kidogo. Halafu nikasikia raha. Halafu hakuna aliyepiga simu mchana kutwa na raha ikaisha.


Jumatatu, 8 Desemba

Nafula ameenda Kanduyi kwa Kukhu, nyanya yake. Kila Desemba humtanguliza. Nilitaka kumzuia mwaka huu nikakosa sababu ya kumwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu. Aliagana na yule jogoo vizuri kuliko alivyoagana na mimi.

Jioni Sela ameweka picha kwenye simu yake. Nafula ameketi katikati ya magoti yake, anasukwa. Mistari midogo midogo, safi. Chini ameandika "Binti yangu."

Binti yake.

Nina vidole kumi. Najua kusuka. Sina saa za kusuka kwa sababu sikai kwenye kiti kinachozunguka nikingoja mwisho wa mwezi.


Jumatano, 10 Desemba

Sela amepiga simu. Sauti tamu hiyo.

Kwanza akauliza kwa nini nimejitoa grupu. Nikasema simu imejaa. Akasema pole dada, basi nitakuwa nakupigia. Akaniambia Krismasi hii Mjomba anakuja. Ni kaka mkubwa wa Mama, kutoka Tongaren. Hajakanyaga pale tangu mazishi ya Baba mkwe. Mama hapati usingizi kwa furaha.

Mwaka wa mgeni mkubwa, mgeni ambaye kumwekea meza bila kuku ni kumtukana yeye na ukoo wake, mwaka huo ndio mimi nimepumzishwa. Firigisi ya Mjomba, kipande cha heshima, itawekwa kwenye sahani na zile kucha.

Akauliza, "Na majogoo wako, wako sawa?"

Unaona ujanja. Karamu yake, majogoo wangu. Nikamwambia wako sawa kabisa.

"Na mambo ya jikoni, dada?"

"Ya jikoni si wewe unajua."

Akacheka. "Haya basi, kama kawaida. Asante sana dada."

Asante ya nini? Nilibaki nimeshika simu. Huyu msichana ataninyang'anya sufuria kisha anitume nikamteke maji.


Alhamisi, 11 Desemba

Nimeunguza maharagwe. Nyanya nikasahau chumvi. Wateja wamekula wakinitazama usoni.


Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri Dei. Watu wamepumzika, mimi nimeuza kuku.

Wote wanane. Mwanamume mmoja mwenye pikipiki huwapeleka Eldoret. Aliwapapasa vifua, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana nikingoja wiki moja tu bei itakuwa nyingine. Sikutaka kungoja. Bosi alimrarua mkono kabla ya kufungwa miguu. Nilifurahi kwamba alimrarua.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa mbao karibu na stendi. Kabati la vyombo, milango ya vioo, kufuli ndogo ya rangi ya dhahabu. Kama lile lililoko sebuleni kwa Sela. Hapana, si kama lile. Kubwa kuliko lile. Vijana wameleta kwa mkokoteni na mama wa jirani ametoka nje kuangalia, nikamwacha aangalie mpaka atosheke.

Vikombe vyote nimevipanga. Vimejaza rafu moja tu. Rafu tatu ziko wazi.

Nimeketi nikatazama. Ni zuri. Kweli ni zuri.


Jumapili, 14 Desemba

Wafula amerudi kutoka Saboti. Wiki nzima alikuwa anatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akaingia, akaona kabati. Akaenda nyuma kunawa. Nikahesabu hatua zake kwa masikio. Akasimama. Pale bandani.

Tumegombana. Yeye hapigi kelele, huo ndio ubaya wake. Aliuliza tu, "Mama atakula nini?" Nikamwambia Mama atakula karamu ya Sela. Akasema kuku wale walikuwa wa Mama. Nikasema walikuwa wangu, nimewalisha mimi, nimewatibu mimi, nimefagia mavi yao mimi. Akasema, "Sijasema si wako. Nimesema walikuwa wa Mama."

Sijui tofauti. Au najua.

Amelala kwenye kochi, na boti zake miguuni.


Alhamisi, 18 Desemba

Nafula alipiga kwa simu ya Kukhu wake. Ana furaha mpaka inaniuma. Aunti Sela hivi, Aunti Sela vile. Aunti Sela anamfundisha kompyuta. Aunti Sela ana marashi ya kunusia kwanza kwenye karatasi.

Akasema Kukhu amelipaka jiko udongo mpya na kuteua mawe matatu mapya ya kupikia, na anasema hakuna mtu kuwasha pale mpaka siku yenyewe. Nikauliza, mpaka nani afike? Mtoto akacheka akadhani ni kitendawili.

Jiko jipya kwa mpishi mpya. Mimi nilipikia mawe yenye nyufa miaka yote.

Nikamuuliza anamkumbuka mama yake. Akasema ndiyo. Akasema pia, umsalimie Bosi.


Jumatatu, 22 Desemba

Sitaki kwenda. Wafula amesema tutaenda, kwa sauti ile ile ya kutopiga kelele.

Basi nitaenda kama mgeni. Gauni la kijani, viatu vya kisigino. Blanketi la Mama, mkate mkubwa wa duka, basi. Nitaketi sebuleni mguu juu ya mguu ningoje kuletewa. Nimwone akipuliza moto na zile kucha. Wali ukishika, nitakula kidogo, nitasema ni mtamu sana. Kila mtu atajua.

Nimeyafikiria haya siku mbili. Yananipa nguvu kuliko chai.


Jumatano, 24 Desemba. Kanduyi

Naandika nikiwa nyuma ya jiko, nimekaa kwenye kuni. Wanadhani natengeneza vitunguu.

Tulifika kabla ya saa nne. Nafula akanipita mbio, akaenda kwa baba yake, akaangalia mifuko, akaangalia nyuma yetu barabarani. Sela akatoka na karatasi mkononi na biro nyuma ya sikio. Amevaa lesho kuukuu, nywele kafunga kitambaa. Akanikumbatia. Ananukia marashi yale ya karatasi.

"Dada umefika! Nimekuandika hapa majogoo wanane. Wako wapi, ndio vijana wawabebe?"

Nikamwambia, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno haya kwa wiki mbili, kwamba sijui habari ya majogoo, karamu si ni yake?

"Karamu gani?"

"Si Mama alikupa karamu."

Akanitazama. Hakuelewa kabisa. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akaitikia badala yake, kwa furaha, "Ndiyo, karamu ni yake. Sera, si umuonyeshe karamu!"

Na Sela akachomoa ile biro nyuma ya sikio akaiinua.

Kalamu.

Alipewa kalamu. Aandike nani analeta nini, ndugu wawili wasipigane tena juu ya nani alipaswa kuleta sukari. Mtu wa ofisi, anajua.

Wanyonyi ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi. Akamweleza Mama kwa Kibukusu, Mama akapiga makofi na kujishika kiuno, "Woi, Mama Nafura! Kwani mimi nimesema nini? Si nimesema karamu?" Wakazidi kucheka. Hata watoto. Mimi pia nikacheka, nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Miaka kumi na tano namsikia Mama akisema mchere na chakura na Kitare. Naijua ile r kama ninavyoijua sauti yangu. Siku hii moja sikuijua, kwa sababu nilichosikia ndicho nilichokuwa nakingoja tangu Sela aingie kwenye hii boma.

Kisha Mama akapangusa macho na kitambaa chake. Akauliza, "Na kuku? Wako kwa gari?"

Nikainua macho yasikutane na yake.

Nyuma yake niliona jiko. Udongo mpya, laini, umechorwa mistari kwa vidole. Mawe matatu safi. Kuni zimepangwa.

Nikasema wamekufa.

Nilisema ni ule ugonjwa wa kuku, wa kupinda shingo. Wote wanane, siku mbili. Maneno yalitoka yenyewe, moja likavuta lingine. Sela akasema lakini juzi walikuwa sawa, si uliniambia? Alisema bila ubaya. Nikamjibu ilianza siku ile ile jioni. Nikasema nimewazika. Nimewazika!

Nafula akauliza, "Na Bosi?" Nikasema na Bosi. Akaondoka akaenda nyuma ya nyumba. Bado yuko huko, namsikia. Ningeweza kwenda kumwambia Bosi hakufa na ugonjwa, lakini nimwambie nini badala yake?

Mama alinishika mikono yote miwili. "Pole, mwanangu. Kazi ya tangu Juni. Pole sana." Hakuuliza zaidi. Ana mikono mikavu, mepesi. Wafula alikuwa amesimama pembeni na blanketi bado kwapani. Alinitazama mara moja. Kisha akaingia ndani kuliweka.

Hajanifichua. Sijui kama ni upendo au amechoka.

Sela anazunguka na karatasi yake. Amefuta mstari wangu, anapiga simu kutafuta kuku mjini. Mara ya tatu sasa namsikia akisema, "Hapana, hiyo ni bei ya gari bana." Mwishowe Mama amemwambia akate simu. Ana kuku wanne wake mwenyewe, jogoo mmoja na mitetea mitatu. Miwili inayotaga itachinjwa, maana Mjomba hatakula ugali na nyama ya mbuzi kama mtu wa njiani.

Mitetea inayotaga. Kwa sababu ya kabati.


Alhamisi, 25 Desemba

Nimepika.

Mitetea mizee haiivi. Niliianza kabla ya wao kwenda kanisani, nikaichochea hadi waliporudi, nikaikaanga kwa kitunguu na nyanya, nikairudisha kwenye mchuzi wake. Gauni la kijani limetoboka kwa cheche. Watu wote ndani ya nyumba ile na kuku wawili. Nilikata vipande vidogo mpaka nikaona haya. Mbuzi wa Wanyonyi alitusaidia.

Firigisi ya kwanza kwa Mjomba. Ya pili nilimwekea Mama, akaikata nusu akanirudishia nusu mbele ya watu. Mjomba alikula taratibu, akanyonya mifupa, akauliza huyu aliyepika ni wa wapi. Mama akamjibu kwa Kibukusu. Maneno mengi sikuyashika. Nilishika "Saboti" na nikashika "wangu."

Ningefurahi. Miaka yote nimeingoja siku ya kuulizwa hivyo na mtu mkubwa. Nilimeza ile nusu ya firigisi bila kuitafuna.

Sela aliosha vyombo vyote. Akaja akaketi karibu yangu kwenye kuni, miguu kainyoosha. Ati alikuwa akiogopa nisije. Ati asingejua aanzie wapi, hata chai yake Wanyonyi huinywa kwa huruma. Kucha mbili zimevunjika. Akazing'oa zilizobaki kwa meno, moja moja, akizitupa motoni. Ni za kubandika! Sikujua.

Nilitaka awe mbaya. Angekuwa mbaya kidogo tu, ningepumua.


Ijumaa, 26 Desemba

Tumerudi Kitale. Nafula amebaki kule mpaka shule zifunguliwe. Alikubali kunipa mkono, hakukubali kukumbatiwa.

Tulipokuwa tunaaga Mama alikuja na kapu. Ndani yule mtetea wa tatu, wa madoadoa, aliyekuwa ameatamia, na vifaranga vyake vya wiki moja. Amewafunika na kipande cha gunia. Nikakataa. Nikakataa kweli, nilirudi nyuma. Kwake amebaki na jogoo peke yake, anawika bila mtu wa kumsikia.

Akasema, "Chukua. Mutu akifiwa na kuku harudi nyumbani mikono mitupu. Utaniretea mayai."

Sela naye akanipa kichupa cha chanjo amekizungushia barafu kwenye kitambaa. Alitembea duka baada ya duka leo asubuhi, sikukuu, mengi yamefungwa. Na maelezo ameyaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Tone moja kwenye jicho.

Njia nzima kapu lilikuwa mapajani mwangu. Mtetea alitulia. Vifaranga vililia mpaka Webuye, kisha vikanyamaza. Wafula alitazama nje.

Nilidhani wivu wangu utaisha nikijua ukweli. Haujaisha. Sasa namwonea Sela wivu kwa sababu nyingine, kwamba yeye anaweza kumtazama Mama machoni.


Jumamosi, 27 Desemba

Nimefungua hoteli. Wateja wachache. Mzee wa duka la mbegu ameuliza Krismasi yangu ilikuwaje, nikasema nzuri.

Chanjo nimewapa. Tone moja kwenye jicho, kama alivyoandika.

Kwenye vioo vya kabati najiona kila nikipita. Nimehamisha vikombe viwili kwenye rafu ya juu. Sijui kwa nini.


Jumatatu, 29 Desemba

Mama amepiga simu saa mbili asubuhi. Habali ya Kitare. Akauliza mtetea anakula. Nikasema anakula. Akauliza nimemweka wapi. Nikasema jikoni, kwenye kapu lake. Akasema vizuri, nisimpeleke kule bandani kabisa, ule ugonjwa hukaa kwenye udongo na kwenye mbao. Lazima banda lisuguliwe. Nitoe takataka zote nichome, nisugue kwa maji moto na sabuni, nipake chokaa, niliache wazi likae kwenye jua wiki mbili. Nisije nikapoteza na hawa.

Alisema pole pole ili nishike kila neno. Nilishika kila neno.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Akawa ameanza kunieleza jinsi ya kukoroga chokaa.

Nikasema ndiyo, Mama.

Hoteli sikufungua leo. Nimechemsha maji. Nimetoa matandiko yote ya banda, maganda, manyoya, nikachoma nyuma ya ua. Kulikuwa na manyoya mekundu mengi. Nimepiga magoti nikasugua mbao moja moja, pembe zote, chini ya kiota, mahali ambapo hakuna kuku aliyewahi kuugua.

Wafula alikuja kula saa saba akanikuta humo. Akachukua ndoo tupu akaenda kuijaza, akairudisha, akaenda na nyingine. Alipoona maji yanatosha alivua koti la kazi, akakoroga chokaa kwa kijiti, akaanza upande wa nje.

Banda ni jeupe sasa. Mlango nimeuacha wazi likauke.